Kunuka na Kunukia: Manukato katika Lugha, Historia na Fasihi ya Waswahili

Vitenzi nuka na nukia vimetenganishwa na irabu moja tu, lakini masafa yaliyoko baina yake ni marefu. Mgeni anayejifunza Kiswahili, akitaka kumsifu mwenyeji wake kwa uturi aliojipaka akamwambia "unanuka vizuri", hujikuta amezua kicheko au hasira. Nuka ni ya kilichooza, ya jasho na ya shimo la taka. Nukia ni ya waridi, ya pilau iliyoiva na ya bibi harusi. Kisarufi hakuna fumbo kubwa hapa. Nukia ni nuka iliyotiwa kiambishi cha kauli ya kutendea, kile kile kinachogeuza pika kuwa pikia na soma kuwa somea. Anayepika anapika tu. Anayepikia ana mtu anayempikia.

Ukweli ni kwamba kauli ya kutendea haimtaji mtendewa kila mara, na maana ya nukia imekwisha kujitegemea kiasi cha kuwekewa kidahizo chake katika kamusi. Hata hivyo muundo huo wa neno unastahili kuzingatiwa, kwa kuwa unaafikiana na jambo linaloonekana katika desturi na katika fasihi ya pwani: harufu mbaya husambaa bila kumkusudia mtu, ilhali harufu nzuri huwa na mpokeaji. Kinachonuka kinanuka ovyo. Kinachonukia kinamnukia fulani. Makala haya yanaazimia kuonyesha kwamba manukato katika maisha na maandishi ya Waswahili si pambo la anasa tu, kama yanavyofasiriwa aghalabu katika madarasa ya ushairi, bali ni lugha ya mahusiano. Msomaji asiyejua udi unafukizwa kwa ajili ya nani atapitwa na sehemu kubwa ya maana ya kazi zinazoutaja.

Majina yaliyovuka bahari

Orodha ya majina ya manukato katika Kiswahili ni kama orodha ya shehena ya jahazi. Udi ni neno la Kiarabu lenye maana ya mti au ubao. Ubani ni luban. Uturi, au itiri kama isemwavyo katika ushairi wa kale, umetokana na itr. Marashi yana uhusiano na kitendo cha kunyunyiza. Ambari, miski, zabadi, kafuri, sandali, waridi na rehani yote yamepitia Kiarabu. Asumini na nargisi asili yake ni Kiajemi. Lakini mtafiti akiacha majina akatazama vitenzi, mambo hubadilika ghafla. Nuka, nukia, nusa, fuka, fukiza, vunda na paka ni vitenzi vya Kibantu. Nuka ina ndugu zake bara. Mzungumzaji wa Gikuyu asemaye nunga hahitaji kuelezwa. Hali kadhalika majina ya harufu mbaya, kama vile uvundo na vumba, hayakuhitaji kuagizwa ng'ambo. (Vumba, ile harufu ya samaki, inafanana ajabu na uvumba, jina ambalo wafasiri wa Biblia walilitumia kwa ubani ambao mamajusi walimpelekea mtoto Yesu. Ni kiambishi tu kinachotenganisha soko la samaki na hekalu.)

Wako waliolichukua rundo hilo la majina ya kigeni kuwa ushahidi kwamba ustaarabu wenyewe wa pwani uliletwa ukiwa tayari umefungashwa. Hoja hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, Waarabu nao walikuwa wapokeaji. Mti wa udi hauoti Arabuni. Hutoka India Kaskazini Mashariki na Asia ya Kusini Mashariki. Majina kafuri na sandali yaliingia katika Kiarabu kutoka lugha za Asia. Bahari ya Hindi ilikuwa soko ambalo kila bandari iliazima kwa mwenzake, na kuwa mwazimaji hapo hakukuwa dalili ya unyonge.

Pili, harufu hazikuja tu; zilikwenda pia. Katika karne ya 9 mwandishi wa Kichina Duan Chengshi alieleza juu ya nchi aliyoiita Bobali, ambayo wataalamu wanaihusisha na pwani ya Pembe ya Afrika, akataja bidhaa zake kuwa pembe za ndovu na ambari. Al-Masudi, aliyesafiri hadi pwani ya Wazanji katika mwaka wa 916, naye aliisifia ambari ya bahari hiyo. Hii ina maana kwamba miaka elfu moja na zaidi iliyopita, vyumba vya wakuu wa Baghdad na China vilikuwa vikinukia kitu kilichookotwa ufuoni mwa Afrika Mashariki.

Ambari yenyewe inafaa kuelezwa, kwa sababu inaweka wazi jinsi mpaka wa nuka na nukia ulivyo mwembamba. Hutengenezeka katika matumbo ya aina moja ya nyangumi mkubwa mwenye meno, ambaye chakula chake ni ngisi. Midomo migumu ya ngisi isiyosagika tumboni ndiyo inayosababisha kuganda kwake. Ikitoka tu, hunuka kinyesi. Huelea baharini kwa miaka, ikapigwa na jua, mawimbi na chumvi, mpaka ikageuka rangi na harufu. Ndipo inapotupwa ufuoni ikiwa kitu cha thamani. Zabadi, inayotolewa katika tezi za fungo, vivyo hivyo haivumiliki ikiwa nyingi na huvutia ikichanganywa kidogo kidogo. Udi nao ni matokeo ya ugonjwa. Mti mzima wenye afya hauna harufu ya maana. Ni pale unapojeruhiwa na kushambuliwa na kuvu ndipo unapotoa utomvu mweusi wa kujikinga, na ubao uliolowa utomvu huo ndio unaotafutwa kwa gharama. Manukato makuu matatu, basi, yameanzia kwenye uvundo au maradhi.

Ubani una historia nyingine ambayo mwanafunzi wa Kenya hana budi kuijua. Huagizwa kutoka Somalia na kutoka Dhofar ya Oman, ambako maeneo ya kale ya biashara hiyo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Lakini miti ya jamii hiyo hiyo, pamoja na ile itoayo manemane, huota katika nyanda kame za kaskazini mwa Kenya. Katika sehemu za Isiolo, Samburu, Marsabit na Wajir utomvu wake hukusanywa na wafugaji, hasa wanawake, na kuuzwa kwa wachuuzi. Mtu anayedhani ubani ni wa "watu wa pwani" au wa Waarabu peke yao hajapata kusafiri kupita Isiolo.

Kikuba, chetezo na mrashi

Majina yakishafika, kazi ilifanyiwa hapa. Kikuba ndicho mfano ulio bora. Hiki ni kifurushi kidogo cha maua na majani ya kunukia ambacho wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja hukitia katika nywele, hukining'iniza kifuani ndani ya nguo au hukiweka kitandani. Ndani yake mna asumini, mna kilua, mna rehani na vipande vya mkadi, na aghalabu hunyunyiziwa dalia au marashi. Kila fundi ana mpango wake, na wanunuzi humjua. Asumini huchumwa alasiri yakiwa bado vikonyo vilivyofumba, kwa kuwa ni ua linalofunguka giza likiingia. Kikuba hakiwekwi akiba. Kimefungwa jioni hii kwa ajili ya usiku huu, na kesho asubuhi kitakuwa kimenyauka. Chupa ya manukato ya dukani inaweza kukaa kabatini mwaka mzima pasipo mtu kuulizwa ni ya nani, kikuba hakiwezi. Anayekivaa leo amekusudia kuwa karibu na mtu leo.

Chetezo ni chombo, mara nyingi cha udongo, kinachotiwa makaa ya moto ili udi au ubani ufukizwe juu yake. Nguo zilizofuliwa hufukizwa, nywele hufukizwa, chumba cha maarusi hufukizwa. Mgeni naye hufukiziwa. Huko Oman na nchi za Ghuba, chetezo kikizungushwa baada ya chakula na kahawa, wageni huelewa kwamba wakati wa kuaga umewadia: mwenyeji hakuwafukuza, ila amewapa harufu ya nyumba yake waondoke nayo. Mrashi, ile chupa yenye shingo ndefu nyembamba, hutumika katika maulidi kuwanyunyizia waliohudhuria maji ya waridi. Maji hayo yaliyo bora zaidi kwa wengi ni yale ya Jabal Akhdar nchini Oman, ambako mawaridi huchumwa na kukenekwa katika majira ya Aprili. Mwenye mrashi hupita safu kwa safu, na hamruki mtu.

Mwili wa bibi harusi nao una mafundi wake. Somo au kungwi humsinga kwa siku kadhaa kwa singo, mchanganyiko wa maua yaliyopondwa, karafuu na unga wa sandali uliorowekwa kwa marashi, huku liwa ikisuguliwa juu ya jiwe na kupakwa usoni. Upande wa pili wa maisha ni kafuri, ambayo maiti ya Mwislamu hutiwa katika maji ya kuoshewa. Kati ya singo na kafuri kuna umri mzima wa binadamu, na katika vituo vyote viwili mwenye kupakwa hajipaki mwenyewe.

Neno ubani lenyewe limeendelea kutembea. Kwa kuwa ubani ulikuwa miongoni mwa mahitaji ya msiba na khitma, mchango wa kusaidia kuyanunua mahitaji hayo uliitwa ubani, na leo, hasa nchini Tanzania, "kutoa ubani" ni kuwapa wafiwa fedha za rambirambi, hata katika msiba wa Wakristo ambako hakutafukizwa chochote. Utomvu umegeuka noti, lakini mpokeaji ni yule yule aliyefikwa.

Mwana Kupona na mshairi wa Pate

Katika ushairi, manukato yamehifadhiwa na washairi wawili ambao kila mwanafunzi wa fasihi hukutana nao, nao wameyatumia kwa njia zinazopingana.

Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake Mwana Hashima. Katika mawaidha juu ya ndoa anamtaka bintiye aoge, ajisinge, azifunge nywele, atunge asumini na kuyaweka kitandani. Asiache hina wala wanda. Wahakiki wengi, hasa wa miongo ya karibuni, wameusoma utenzi huu kama hati ya utiifu ya mke kwa mume, na haiwezekani kukana kwamba mengi ndani yake yanaruhusu usomaji huo. Lakini beti za manukato zinastahili kusomwa polepole zaidi. Mama anayeandika anajua kwamba anakufa, na kwamba binti atabaki bila mtu wa kumwelekeza. Hana jeshi la kumwachia. Utawala wa Siu aliotawala mumewe umekuwa ukikabwa na Zanzibar kwa miaka. Anamwachia maarifa ya mwili: namna ya kuwa mtu ambaye uwepo wake unatambulika chumbani kabla hajasema neno. Haya ni maarifa ambayo wanawake walirithishana bila kupitia kwa wanaume, na Mwana Kupona ndiye aliyeyatoa ndani akayaingiza katika utungo unaosomwa hadharani. Kuyaita "mapambo ya kumfurahisha mume" tu ni kukisoma kitendo cha bintiye na kukisahau cha mama. Harufu katika utenzi huu ina wapokeaji wawili, na wa kwanza ni Mwana Hashima.

Hata hivyo kuna mtu wa tatu ambaye utenzi haumpi nafasi. Mshairi yuyo huyo anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Basi ni nani aliyeleta maji ya kuogea? Ni nani aliyechuma asumini alasiri na kuwasha makaa ya chetezo? Katika nyumba ya kiungwana ya Siu ya wakati ule jibu halina shaka sana. Harufu nzuri ilipita mikononi mwa watu ambao haikukusudiwa kuwanukia. Uhakiki unaomtetea Mwana Kupona dhidi ya mfumo dume bila kuwatazama hao unakuwa umeufukiza chumba ili usisikie kinachonuka uani.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anaikabili Pate iliyokwisha kuanguka. Anawakumbuka matajiri wake: vitanda vya fahari vyenye mito na mapazia, wenyewe wakinyunyiziwa maji ya marashi na kupakwa itiri. Wasomaji wengi hulitaja fungu hili kama orodha ya anasa iliyotoweka, kisha wakaharakisha kwenda kwenye magofu, ambako popo na buibui wamerithi kumbi. Lakini baina ya kitanda na gofu kuna kaburi, na hapo mshairi anafanya jambo la kutisha. Anaonyesha miili ile ile ikiliwa, usaha ukitiririka, wadudu wakiwa wameingia katika pua na vinywa, sura zikiwa zimegeuka. Pua si kiungo kilichochaguliwa kwa bahati. Ndicho kiungo kilichopokea itiri. Kilichokuwa mlango wa uturi sasa ni mlango wa mdudu, na msomaji aliyeruka beti za marashi kwa kuziona pambo hataliona pigo hilo linapoanguka.

Ikumbukwe pia kwamba mshairi hawalaumu matajiri hao kwa kunukia. Hakuna mahali anaposema marashi ni dhambi. Anachokitazama ni kwamba harufu ile ilikuwa na walioipokea: wageni waliojaa kumbini, wake, watumishi, marafiki. Wote wamekwenda. Gofu la Pate linaweza kuwa na harufu ya popo na ukungu, lakini hakuna wa kumnukia, na hilo ndilo linaloumiza. Kwa maana hiyo Mwana Kupona na Sayyid Abdallah wanasimama katika ncha mbili za neno moja. Mmoja anafundisha namna ya kunukia kwa ajili ya aliye hai. Mwingine anauliza inakuwaje mpokeaji anapokosekana.

Bei ya harufu

Suala la mikono iliyofichika haliishii Siu. Karafuu, ambayo leo ni harufu ya Unguja na Pemba katika kila kijitabu cha watalii, ilienea visiwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 chini ya Sayyid Said, ikapandwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika zaidi, ikawa kitovu cha zao hilo. Utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Harufu haibebi alama yoyote ya hayo. Pambe za karafuu zilizoanikwa juu ya mikeka hunukia vivyo hivyo, awe aliyezichuma alilipwa au alichapwa.

Miti yenyewe nayo imelipa. Nchini Kenya kuna msandali wa kienyeji, ambao mafuta yake yamejaa zaidi katika mizizi na sehemu ya chini ya shina. Kwa hiyo mvunaji haukati akauacha uchipuke, huung'oa. Uvunaji ulishamiri katika sehemu kama Samburu na Baringo mwanzoni mwa miaka ya 2000, magogo yakisafirishwa kwa magendo, mpaka serikali ilipoupiga marufuku mwaka 2007. Mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki uliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, yaani CITES, na magari yaliyosheheni magogo yake yameendelea kukamatwa barabarani miaka iliyofuata. Mti wa udi ulitangulia katika njia hiyo hiyo. Aina moja muhimu iliingizwa katika mkataba huo mwaka 1995, na aina zote za jenasi yake mwaka 2005, kwa kuwa wakataji hawawezi kujua kwa kutazama gome ni mti upi ulio mgonjwa, hivyo huangusha mingi isiyo na kitu ili wapate mmoja.

Ndiyo maana udi mwingi unaofukizwa majumbani siku hizi ni vipande vya mti wa kawaida vilivyolowekwa katika mafuta ya viwandani. Mabibi wa zamani huutambua kwa pumzi moja, na hawafichi maoni yao.

Harufu na kumbukumbu

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Walikusudia kwamba ugomvi wa zamani usifukuliwe, na katika usuluhishi methali hiyo ina heshima yake. Kisayansi, hata hivyo, pua haikubaliani nayo. Mwaka 2004 Richard Axel na Linda Buck walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jamii kubwa ya jeni zinazowezesha pua kutofautisha harufu. Jambo linalomhusu zaidi mwanafasihi ni njia ambayo habari hizo hupita. Milango mingine ya fahamu hupitisha habari zake kwanza katika kituo cha katikati ya ubongo kabla hazijasambazwa. Harufu ina njia ya mkato hadi kwenye sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Huenda ndiyo sababu mtu husisimka au hulia kabla hajakumbuka anachokililia.

Hakuna mhamaji wa pwani aliyeandika juu ya harufu ya nyumbani mapema kama Sayyida Salme. Binti huyu wa Sayyid Said alizaliwa mwaka 1844, akakulia katika kasri la Mtoni na la Bet il Watoro, akatoroka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Alipochapisha kumbukumbu zake mjini Berlin mwaka 1886, akiwa mjane aitwaye Emily Ruete, alitenga kurasa kwa mavazi na manukato ya wanawake wa kwao: maua yanayotiwa katika nguo, mavazi yanayofukizwa. Kwa msomaji wa Kijerumani hizo zilikuwa habari za ajabu za mashariki. Kwa aliyeziandika, miaka ishirini tangu aondoke, zilikuwa kitu kingine. Aliweza kuyataja manukato hayo yote kwa lugha ya wenyeji wake wapya, ila hakuwa na mtu wa kuyanusa pamoja naye.

Zaidi ya karne moja baadaye, Mzanzibari mwingine aliyekwenda Ulaya aliliweka jambo hili katikati ya riwaya. Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, alichapisha By the Sea mwaka 2001. Aliiandika kwa Kiingereza, lakini msomaji wa Kiswahili huingia ndani yake bila kubisha hodi. Saleh Omar, mzee aliyekuwa mwuza samani Unguja, anawasili katika uwanja wa ndege wa Gatwick akiomba hifadhi, akijifanya hajui Kiingereza. Katika mkoba wake mdogo mna kijisanduku cha udi wa qamari. Afisa wa uhamiaji anakifungua, anauliza ni kitu gani, na mzee ananyamaza.

Anachokinyamazia mzee, msomaji anakisimuliwa. Udi ule ni masalio ya ule aliopewa na Hussein, mfanyabiashara wa Kiajemi kutoka Bahrain aliyefika Unguja kwa pepo za msimu kama baba zake walivyofanya. Jina lake, qamari, halihusiani na mwezi kama linavyosikika kwa Kiarabu. Ni upotovu wa jina la nchi ya Wakhmer, yaani Kambodia, ulikotoka. Ni ubao wa mti uliougua. Kumwambia afisa hayo kungehitaji kumsimulia Bahari ya Hindi yote, pamoja na urafiki, mkopo na nyumba iliyopotea kwa sababu ya mkopo huo, na Saleh Omar alikwisha kuamua kutosema hata neno moja.

Afisa anakichukua kijisanduku kiwe chake. Mzee anapita, akiwa na mkoba uliopungua uzito kidogo, kwenda kuishi katika mji wa pwani ya Uingereza ambako hakuna anayejua alikuwa amebeba nini.